Shirley Jackson: Mama Aliyeandika Uchungu wa Uzazi

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakutuambia, hata hivyo, kama mzazi anaweza kuuandika uchungu huo, akauuza, na bado akahesabiwa kuwa mwandishi. Swali hilo lilimwandama Shirley Jackson wa Marekani maisha yake yote.

Jackson alizaliwa San Francisco mwaka wa 1916. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka wa 1940, na mwaka uo huo akaolewa na Stanley Edgar Hyman, mhakiki wa fasihi ambaye baadaye alifundisha katika Chuo cha Bennington, jimboni Vermont. Walijaliwa watoto wanne. Jina lake lilivuma mwaka wa 1948, jarida la The New Yorker lilipochapisha The Lottery, hadithi fupi ya kutisha ambayo ingali inafundishwa hadi leo.

Hata hivyo, nyumba ya watu sita haiendeshwi kwa sifa. Jackson aliyageukia yaliyokuwa mbele ya macho yake: mimba, watoto na vyombo visivyooshwa. Mwaka wa 1949 jarida la Harper's lilichapisha masimulizi yake ya kujifungua mtoto wa tatu. Anaeleza humo kwamba alifika hospitalini akiwa na uchungu, karani akamwuliza kazi yake. Alijibu kuwa ni mwandishi. Karani akaamua kuandika mama wa nyumbani. Makala mengine ya aina hiyo aliyauzia magazeti ya wanawake, yaliyolipa vizuri, kisha akayafuma upya katika vitabu viwili, Life Among the Savages (1953) na Raising Demons (1957). Malipo hayo yakawa nguzo ya nyumba yake.

Mwaka wa 1963 Betty Friedan, mtetezi wa haki za wanawake, aliwalaumu Jackson na wenzake kwa kujisawiri kama wake wa nyumbani tu ilhali walikuwa waandishi, na kwa kuigeuza dhiki ya wanawake kuwa kichekesho. Lawama hiyo ina uzito. Lakini ucheshi si lazima ufiche dhiki. Mara nyingine ndio unaoifichua. Karani alimnyima Jackson jina la mwandishi, naye akamwingiza karani huyo katika makala, akalipwa kwayo. Ni nani basi aliyeshinda?

Jackson alifariki usingizini mwaka wa 1965, akiwa na umri wa miaka 48.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akituletea insha kuhusu mimba ya dada yake au kilio cha mtoto usiku, tusiitupilie mbali tukidai kuwa hayo ni mambo ya jikoni. Tuisome kwanza, tuipime kwa lugha na ukweli wake. Tukikosa kufanya hivyo, tutakuwa tumeketi katika kiti cha yule karani.