Shaaban Robert na Muwala wa Maisha Yangu

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akasoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926. Kisha aliingia ukarani wa forodha, kazi aliyoishika hadi 1944. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu chake Maisha Yangu.

Msomaji anayetarajia tawasifu inayofuata tarehe hutatizika. Utoto umepewa nafasi finyu, na shairi la kumlilia mkewe Amina limewekwa ndani ya nathari. Je, matini hii imekosa muwala? Halliday na Hasan (1976) walichunguza mshikamano, yaani viunganishi, viwakilishi na urudiaji. De Beaugrande na Dressler (1981) waliutenga na muwala, ambao hutokana na uhusiano wa dhana za matini na maarifa ya msomaji. Mfano wake upo katika karakana za useremala za Keko: misumari hushika mbao, lakini umbo ndilo linalofanya kiti kiwe kiti.

Umbo la Maisha Yangu ni wajibu: wa mume, wa baba, wa mtumishi. Kwa mtazamo huo, shairi la Amina si kiraka, bali ni deni la mume linalolipwa kwa lugha. Barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge za 1931 hadi 1958, zilizochapishwa 2002, zina tarehe zake. Kwa hiyo kutofuata tarehe kitabuni kulikuwa uteuzi, si upungufu.

Alifariki Juni 1962. Uhakiki unaohesabu viunganishi pekee hautauona uteuzi huo.