Maisha ya Marehemu Alidina Visram, na Mali Aliyoiacha



Taarifa ya mwaka haifai kuwa hesabu tupu ya michango na matumizi; yapasa iwe pia na neno la kuwafaa watu majumbani mwao. Safari hii tumechagua habari za marehemu Alidina Visram, kwa kuwa yaliyoipata mali yake ndiyo yanayozisumbua nyumba nyingi hapa Bomet: mmoja huchuma kwa muda wa miaka hamsini, na mali ikatawanyika kwa miaka michache.

Alidina alizaliwa mwaka wa 1851 katika nchi ya Kutch, Bara Hindi. Angali kijana alivuka bahari akafikia Bagamoyo, akaingia katika kazi ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akitengeneza misafara ya kwenda bara. Huko alijifunza biashara ya nguo, shanga na nyaya, zilizobadilishwa kwa pembe za ndovu. Sewa Haji alipofariki mwaka wa 1897, Alidina alikuwa amekwisha kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Reli ilipojengwa kutoka Mombasa, aliifuata kwa maduka. Reli hiyo ilipita kando ya nchi yetu, Londiani na Lumbwa, mahali paitwapo sasa Kipkelion, ikafika Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901. Maduka ya Alidina yalikuwako Mombasa, Nairobi, Kisumu, Jinja, Kampala na Entebbe, na katika vituo vingi vidogo. Alinunua ngozi, pembe na pamba. Akawa na vyombo ziwani na viwanda vya kuchambua pamba. Vijana wengi waliotoka kwao mikono mitupu aliwapa bidhaa kwa mkopo, nao wakafungua maduka yao.

Lakini kazi hiyo kubwa ilisimama juu ya jina lake na imani ya watu kwake. Mwaka wa 1916 alifariki, wakati wa vita. Mzigo wote ukamwangukia mwanawe, Abdulrasul. Mwana huyu alimheshimu baba yake kwa kujenga Mombasa shule inayoitwa kwa jina la Alidina Visram, lakini naye hakuishi miaka mingi. Wakati huo huo bei za mazao zilianguka, na fedha yenyewe ikabadilishwa mara mbili, kutoka rupia kuwa florini mwaka wa 1920, kisha kuwa shilingi mwaka wa 1921. Haikutimia miaka kumi tangu mzee azikwe, kampuni ikavunjika. Shule yasimama hata leo.

Tena tumtazame bwana wake wa kwanza. Sewa Haji alitenga sehemu ya mali yake kwa ajili ya wagonjwa, akaeleza kazi yake. Hospitali aliyoisaidia Dar es Salaam ilitibu watu wa kila kabila, na hata leo jengo moja la hospitali ya Muhimbili laitwa kwa jina lake. Kwa hiyo twaona kwamba mali iliyopewa kazi yake na walinzi wake hudumu. Iliyotegemea kichwa cha mtu mmoja huyumba kichwa hicho kilalapo.

Hekima hiyo haikuwa ngeni kwa wazee wetu. Kwa desturi ya kimanagan, mtu hakuweka ng'ombe wake wote katika boma moja; wengine aliwapeleka kwa rafiki zake, wasije wakaangamia kwa pigo moja. Kila nyumba ya mke ilikuwa na ng'ombe wake wajulikanao. Na wana hawakuwa na budi kujua ng'ombe yupi yuko kwa nani, maana asiyejua hawezi kudai.

Siku hizi ng'ombe wetu ni shamba la majani chai, bonasi, akaunti ya benki na hisa za chama cha ushirika. Baba asiyewaambia watu wake ziliko amewapeleka ng'ombe kimanagan pasipo shahidi. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, hutaka wosia wa maandishi uwe na mashahidi wawili au zaidi. Na ni heri wasiwe warithi. Wosia wa mdomo nao hutaka mashahidi wawili, na hauna nguvu msemaji akiishi zaidi ya miezi mitatu. Mtu asipoacha wosia, sheria haibagui mtoto wa kiume na wa kike.

Basi twawasihi wanachama: andikeni mali na madeni; onyesheni mipaka ya shamba mbele ya nyumba zote; wapeni watoto daftari la hesabu mngali hai, wapate kukosea mkiwapo kuwasahihisha. Rambirambi za chama chetu husaidia kumzika marehemu kwa heshima, lakini haziwezi kuwapatanisha watoto aliowaacha gizani.