Apolo Kivebulaya, Msomaji wa Neno



Katika toleo hili tunamkumbuka Kanoni Apolo Kivebulaya. Ndugu zetu kutoka Kongo wanamjua kama mtume wa Mboga. Wenzetu wa Lunyo, Busia na Tororo huenda wamelisikia jina lake tu. Lakini maisha yake yanatufaa sote siku hizi, simu ikiwa imeingia kila nyumba na kusema nasi kutwa kucha kuliko mchungaji.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Alibatizwa mwaka 1895, akapewa jina la yule Apolo wa Matendo ya Mitume sura ya 18, aliyeyajua sana Maandiko. Kivebulaya, yaani kilichotoka Ulaya, ni jina alilopewa na watu kwa ajili ya koti jekundu alilolivaa.

Zamani zile Wakristo wa Uganda waliitwa wasomaji, maana aliyetaka ubatizo alijifunza kusoma kwanza. Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana mwaka 1896. Ilichapwa kwa kipimo cha kuingia ndani ya debe la biskuti, ili mchwa wasiile. Watu waliitunza hivyo kwa sababu walijua thamani yake.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Apolo alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, akaanza kufundisha watu kusoma. Mtawala Tabaro alichukizwa na mafundisho yake juu ya pombe na wake wengi. Apolo alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Kisha dada wa mtawala akaangukia mkuki kwa ajali, akafa, na Apolo akasingiziwa mauaji. Akapelekwa Toro kifungoni. Humo gerezani, alipokuwa amekata tamaa, alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo.

Alipoachiliwa angeweza kurudi kwao Buganda akapumzike. Yeye alirudi Mboga, kwa watu walewale. Hatimaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo akawa kasisi mwaka 1903. Mipaka ya wakoloni ilipoiweka Mboga upande wa Kongo ya Wabelgiji, bado alirudi huko. Tangu mwaka 1921 aliwahubiria Wambuti msituni, akatafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Hakujikusanyia mali.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa bado haijafika. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya Anglikana.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumevuka mipaka pia. Mwaka 2008 ndugu kutoka Kenya walivuka Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda, Tororo, kabla ya kwenda Kiryandongo. Tunajua kuacha kila kitu. Vijana wetu sasa wana Biblia nzima ndani ya simu, wala mchwa hawawezi kuila. Lakini katika simu hiyohiyo mna video, kamari na mabishano, na mara nyingi Neno hubaki mstari mmoja uliotumwa asubuhi, bila sura yake na bila mwalimu. Anayelishwa mstari mmoja mmoja hudanganywa upesi na kila nabii wa mtandaoni.

Apolo hakuwaachia watu mistari. Aliketi nao, herufi kwa herufi, mpaka wakaweza kusoma wenyewe na kuuliza maswali. Marko ina sura 16. Kila kikundi cha nyumbani na kisome sura moja jioni moja, kwa sauti, wazee pamoja na watoto, kwenye kitabu au kwenye simu. Baada ya siku 16 tutakuwa na Injili nzima mioyoni, nasi tutastahili kuitwa wasomaji.