Jumba la Majira ya Baridi na Waliolitumikia

Katika kisiwa cha Palm Beach, jimbo la Florida nchini Marekani, lipo jumba la marumaru liitwalo Whitehall. Lilikamilika mwaka 1902, lina vyumba 75, na mwenyewe alilikalia msimu mmoja tu wa mwaka, wakati theluji ilipotanda kaskazini. Maisha ya mwenye jumba hilo, Henry Morrison Flagler, yanastahili kutafakariwa na kila mkaazi wa visiwa, na zaidi na wale waliokabidhiwa dhamana ya ardhi.

Flagler alizaliwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, mtoto wa mhubiri asiye na mali. Akiwa na miaka 14 aliacha masomo akaenda Ohio kutafuta riziki. Aliwahi kufilisika katika biashara ya chumvi, asikate tamaa. Mwaka 1870 yeye, John D. Rockefeller na wenzao waliunda kampuni ya mafuta ya Standard Oil, na utajiri ukamfurikia.

Florida aliijua kwa sababu ya maradhi ya mkewe wa kwanza, aliyepelekwa huko kukimbia baridi. Akatambua kuwa jua na bahari ni bidhaa. Akatandika reli kuifuata pwani, akajenga na mahoteli. Ile ya Royal Poinciana ilifunguliwa Palm Beach mwaka 1894. Mwaka 1901 jimbo lilipitisha sheria iliyoruhusu talaka kwa sababu ya wazimu. Flagler akamwacha mkewe wa pili, aliyekuwa mgonjwa wa akili, akaoa wa tatu mwaka huo huo. Sheria ile ilifutwa mwaka 1905.

Whitehall ilikuwa zawadi ya harusi hiyo. Mbele ina nguzo nyeupe ndefu. Ndani, ukumbi mkubwa wenye ngazi mbili. Katikati, ua wazi wa kupitisha upepo, kama zilivyo nyumba zetu za mawe. Humo matajiri walikula dhifa, wakasikiliza muziki na kucheza dansi, hata msimu ulipomalizika mwezi wa Februari wakarejea makwao.

Lakini nani aliyewatumikia? Watu weusi walioshiriki kujenga mahoteli na kuwaendesha wageni katika viti vya magurudumu waliishi kwenye vibanda kisiwani humo, mtaa ulioitwa Styx. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliondolewa, wakahamia bara, ng'ambo ya maji. Kisiwa kikabaki mahali pao pa kazi, si pa kuishi.

Mwaka 1912 reli ya Flagler ilivuka bahari hadi Key West. Tufani ya mwaka 1935 ikaivunja. Yeye mwenyewe alianguka katika ngazi za jumba lake, akafariki Mei 20, 1913, akiwa na miaka 83. Jumba liligeuzwa hoteli, na tangu mwaka 1960 ni makumbusho.

Hatuukani ujasiri wa mtu huyu. Nasi pia hupokea wageni wanaokimbia baridi, nao huja na neema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kila kiongozi anayetia saini hati ya kukodisha ufukwe ana wajibu wa kujiuliza kwanza: mvuvi na mkulima wa mwani wa hapo watakuwa wapi kesho, na je, watakuwa wamepona?