Alexander Mackay na Dhoruba ya Ziwa

Sisi tukaao Mwanza na pwani zake twaijua tabia ya Ziwa letu. Jioni huweza kulala shwari; usiku pepo za nchi kavu huvuma toka pande zote, zikakutana juu ya maji yenye joto, mawingu yakapanda upesi, na kabla ya alfajiri wavuvi hukutwa na radi na mawimbi mbali na nchi. Basi tumeona vema kuwasimulia wasomaji habari za Alexander Mackay. Wengi wamjua kwa kazi yake ya Buganda, bali wachache hukumbuka kwamba alianza safari ya majini huku kwetu, na jinsi ilivyovunjika njiani.

Alizaliwa Rhynie, katika Scotland, Oktoba 1849, mwana wa mchungaji. Alijifunza ufundi wa mitambo Edinburgh, kisha akafanya kazi Berlin. Mwaka 1876 alifika Unguja pamoja na wenzake wa misioni ya Kiingereza ya C.M.S., waliotumwa kwa Kabaka Mutesa. Ugonjwa ulimrudisha pwani, lakini hakukaa bure: mwaka 1877 alikata njia ya magari ya ng'ombe toka Saadani hata Mpwapwa, yapata maili 230.

Desemba mwaka ule wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe, katika ugomvi wa Mtemi Lukonge na mfanya biashara Songoro. Mackay alifika Kagei, mashariki ya Mwanza, Juni 1878. Naye akavuka bila silaha kwenda kwa Lukonge huyo huyo kutafuta mapatano, akarudi salama. Kwa maoni yetu, katika mambo yote ya safari ile hakuna lililotaka moyo kuliko hilo.

Agosti alitweka tanga kuelekea Buganda, yeye na Kasisi C. T. Wilson, katika mashua iitwayo Daisy, iliyoletwa toka Uingereza vipande vipande na kuchukuliwa na wapagazi hata Ziwani. Baada ya siku chache dhoruba ikawashika. Mashua ikaingia maji, nao wakaona heri kuielekeza nchi kavu kuliko kuzama. Mawimbi yakaibwaga juu ya pwani ya magharibi, ikavunjika vibaya.

Fikirini hali yao. Hawana chombo kingine. Mbele yao kuna watu wasiowajua. Na tangu wenzao kuuawa haijatimia miezi tisa. Lakini wenyeji hawakuwadhuru, wakakaa kwao majuma manane.

Majuma hayo Mackay hakuyangoja kwa kukunja mikono. Kiwanda hakikuwapo, wala mbao mpya. Akaikagua mashua, kisha akakata shauri ambalo mtu asiye fundi angelicheka: akaikata katikati, akatoa kadiri ya futi 8, akaisogeza omo na tezi hata zikakutana, akaziunga. Kile kipande kilichotolewa kikampa viraka vya mahali palipopasuka. Mafundi wa mashua wa pwani yetu watafahamu ugumu wa kazi hiyo, maana upana wa mbele na wa nyuma haulingani, na ubao usipokaa sawasawa maji hayana huruma. Chombo kilichobaki kilikuwa kifupi, wala hatudhani kilipendeza macho. Lakini kilielea, na mwanzo wa Novemba 1878 kikawafikisha Buganda.

Huko alikaa karibu miaka tisa, akifundisha, akijenga, na kuchapa sehemu za Maandiko kwa Kiganda. Julai 1887 Kabaka Mwanga akamfukuza, naye akarudi kusini ya Ziwa, akakaa Usambiro. Stanley na Emin Pasha walipumzika kwake mwaka 1889, wakienda pwani. Yeye hakufuatana nao. Alikuwa akiunda mashua nyingine, iendeshwe kwa mvuke, homa ilipomshika. Akafa 8 Februari 1890, umri wake miaka 40, na mashua haijaisha. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa, ikazikwa Namirembe.