SHEIKH ABDULLAH SALEH FARSY: MUAMINIFU HAOGOPI KUHAKIKIWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Huenda nyumbani kwako hapa Goma umo msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, uitwao Qurani Takatifu. Je, wamjua aliyeutafsiri?

Ni Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma kwa masheikh wa huko, akawa mwalimu wa shule kwa miaka mingi. Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar, na mwaka 1968 Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki Maskati, Oman, mwaka 1982. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tafsiri hiyo hakuifanya kwa pupa. Ilitoka kwanza kwa vijitabu, sehemu baada ya sehemu, mpaka ikatolewa nzima na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969. Hebu ufungue uutazame. Kila aya ina namba yake, na Kiarabu kipo pamoja na Kiswahili. Maneno ya kufafanua ameyatia katika mabano, na maelezo marefu yako chini, yasichanganyike na maneno ya Mola. Ajuaye Kiarabu aweza kumhakiki neno kwa neno. Huo ndio uaminifu: hakuficha asili ili aaminiwe yeye.

Sasa soma Suratul Baqara, aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote, nayo yahusu deni. Mwenyezi Mungu ameamrisha liandikwe, dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Mwandishi aandike kwa haki, mdaiwa asipunguze kitu, na mashahidi wawepo.

Nasi je? Twakopeshana dola na franka kwa mdomo tu, tukisema kuandikiana ni kutoaminiana. Nyiragongo ilipotutawanya mwaka 2002, na tena mwaka 2021, kila mtu alikimbia na kumbukumbu yake. Ukifa leo, mjane wako atajuaje la kulipa? Mayatima watadai kwa ushahidi gani?

Basi leo, kabla hujalala, chukua daftari. Andika kwanza unachodaiwa, kisha unachodai. Kesho mwite mwenzako na mashahidi, mthibitishe pamoja. Huko si kumdharau ndugu yako; ni kumlinda, na kuilinda nafsi yako mbele ya Hesabu isiyopotea.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.