Mohamed Amin: mwalimu asiyekuwa na ubao

Sisi watu wa Pwani tukisema mwalimu, twamfikiria wa chuoni au wa skuli. Marehemu Mohamed Amin hakuwa na ubao wala chaki, lakini wapo wapigapicha wa Afrika Mashariki wanaomhesabu kuwa mwalimu wao.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alifanya kazi ya reli, na kazi hiyo ikaihamishia familia Dar es Salaam. Huko, angali mwanafunzi, alipata kamera kuukuu ya Box Brownie akaanza kujifunza. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20, alifungua kampuni yake ya picha, Camerapix, papo hapo Dar es Salaam.

Haukupita muda, Januari 1964, mapinduzi yakatokea Unguja. Amin alivuka bahari, na picha zake zikaonekana ulimwenguni. Mwaka 1966 alitiwa jela Zanzibar kwa karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa akarudi Kenya. Wengine wangetafuta kazi ya salama. Yeye hakuiweka kamera chini. Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Julai 1969, Amin alikuwapo na kamera yake.

Kazi iliyomtangaza zaidi ni ya Oktoba 1984. Pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, na kuionyesha dunia njaa iliyokuwa ikiua watu. Michango ikamiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la Live Aid.

Zama zile, habari za Afrika zilipigwa picha zaidi na wageni waliokuja na kuondoka. Amin aliajiri vijana wa hapa, akawatia kamera mikononi na kwenda nao kazini. Alikuwa mkali, lakini hakumtuma mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hathubutu kwenda.

Ujasiri huo ulikuwa na gharama. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. John Mathai, Mkenya aliyekuwa mrekodi sauti wake, alifariki, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia aliyopanda kwenda Nairobi ilitekwa nyara. Mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 walikufa 125, akiwamo Amin, aliyekuwa na miaka 53.

Mwaka 1998 ikaanzishwa taasisi yenye jina lake, kufundisha vijana wa Kiafrika kazi ya picha za televisheni. Hivyo elimu yake haikuzikwa naye.

Leo kijana wa Machakos, Mombasa au Lamu ana kamera ndani ya simu, bora kuliko ile Box Brownie. Anachokosa ni mtu wa kumwambia twende kazini. Wewe fundi wa picha unayesoma haya, mchukue mmoja uende naye. Ukimnyima, ujuzi wako utakwenda nawe kaburini, na habari zetu tutaendelea kusimuliwa na wapita njia.

Mola amrehemu Mohamed Amin.